Baba Mkwe Aliyekula kwa Kitabu

Kitabu kilinifikia kimeviringishwa ndani ya sweta, kwenye pikipiki iliyotoka Goma. Mdogo wangu alikuwa akifanya usafi nyumbani kwa mzungu mmoja, na yule mama aliporudi kwao aliacha taa isiyo na balbu, mkeka wa kufanyia mazoezi, na kitabu cha mapishi. Mdogo wangu alibaki na taa na mkeka. Kitabu alinitumia mimi, na ujumbe juu yake: "Dada, weye unapendaka kusoma, na unapendaka kula."

Kilikuwa kitabu kizuri, kwa Kifaransa, chenye kurasa zinazong'aa na picha za rojo la kahawia likidondoka kutoka kwenye kijiko. Kila pishi lilianza na siagi ya kokwa zilizosagwa: ya lozi, ya korosho, ya kokwa nyingine ambazo sijawahi kuziona. Karanga zetu ziliwekwa mwisho kabisa, kama ndugu maskini aliyealikwa kwa kuhurumiwa. Na ukurasa wa kwanza ulikuwa na sheria: humu hamna nyama, hamna samaki, hamna yai, hamna maziwa, hata asali hamna. Nilikifunga, nikakifungua tena nione kama Kifaransa changu kimeanza kunidanganya.

Mimi ninaishi Masisi, milimani. Huku ng'ombe hulisha mpaka chini ya dirisha, na fromage, yaani jibini, hupangwa barazani kama matofali. Jirani yangu ndiyo kazi yake, kuuza fromage sokoni. Kwa uchokozi tu nilimsomea ukurasa wa fromage inayotengenezwa kwa korosho bila tone la maziwa. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Dada, ule muzungu alikuwaka mugonjwa?"

"Sijui. Mimi nakusomea tu."

"Na ng'ombe ilimukosea nini?"

Tulicheka sana. Kisha nikakiweka kitabu chini ya mguu mmoja wa cherehani yangu uliokuwa mfupi, na cherehani ikatulia kuliko ilivyowahi kutulia. Kingebaki pale mpaka leo, kama si baba mkwe.

Mume wangu ni mtu wa msituni, wa Walikale. Huuza mabuti na nguo za kazi kwa wachimbaji wa madini, leo Rubaya, kesho Omate, na nyumbani hupita kama mgeni. Mama yake alipofariki, alimleta baba yake aishi nasi. Mzee alikuwa mwindaji, na si mwindaji wa panya. Huko kwao mpaka leo watoto huimbiwa jinsi alivyomfuata nguruwe wa porini mpaka ng'ambo ya mto. Nami nilikuwa na deni la maneno na ukoo ule. Siku nilipoolewa, mmoja wao alisema juu ya kichwa changu, kana kwamba mimi ni kiti, "Bibi wa Masisi anajua kupika maharagi tu." Mimi sisahau upesi.

Kwa hiyo mzee alipofika nilipika kama mtu anayejibu kesi. Nilipika mbavu za mbuzi, nikapika ng'ombe, nikapika kuku, nikachoma na fromage juu ya makaa. Kila sahani ilirudi jinsi ilivyokwenda, bugali mzima, nyama nzima, na neno moja tu, "Aksanti, nimeshiba."

Hapa lazima nieleze jambo la ukoo wa mume wangu. Mkaza mwana hamtazami baba mkwe mdomoni. Unaingia na chakula, unapiga magoti, unaweka, macho yako chini, unatoka kinyumenyume. Ukimtazama mdomo ni faini: kuku mweupe. Nami nilishika desturi ile vizuri sana, maana sikutaka waongeze neno la pili juu ya lile la maharagi. Mzee naye alikaa na sahani yake akigeukia ukuta. Mume wangu alisema wawindaji wa zamani ndivyo wanavyokula. Akisema, alisema mkono ukiwa mbele ya midomo, na katika maneno yake nilipata nusu. Nilidhani ndivyo Kiswahili kinavyosemwa ndani kabisa ya msitu.

Kitu kimoja tu hakukirudisha, nacho ni firigisi. Kwao firigisi ya kuku ni ya mkubwa wa nyumba. Mwanamke haionji, na mkubwa haikatai, kwa sababu akiikataa ni kama ameilaani nyumba. Kwa hiyo kila nilipochinja kuku sahani ilirudi na kuku wote, ila firigisi haikuwemo. Nikajipa moyo kwamba angalau anakula firigisi.

Kisha nikafua koti lake. Mfukoni, kati ya vumbi la tumbaku, nilizikuta firigisi zimekauka na kuwa ngumu kama vifungo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Juu ya kisicholiwa hawakutuachia neno. Niliziweka juu ya jiwe la kufulia nikazitazama, na jirani yangu akaja akazitazama pia.

"Dada, mimi sipendake kusema," akasema, naye hupenda kuliko wote ninaowajua. "Lakini muntu anaficha chakula namna hii, njo anaogopa ule mwenye kupika."

"Anaogopa nini?"

"Sumu, dada. Nini ingine?"

Neno lile liliniuma. Nililia palepale, mikono ikiwa na sabuni, nikajipaka sabuni machoni, nikalia upya kwa sababu ya sabuni.

Mzee akawa anakonda. Alitoboa mkanda wake tundu jipya kwa msumari, kisha jingine. Mbwa wetu, kwa upande wake, alinenepa mpaka akaacha kubweka, akawa anawasalimu wezi kwa mkia. Tulimpeleka mzee kwenye kituo cha afya, na muuguzi akampima kila mahali, akanigeukia mbele ya foleni nzima.

"Mama, huyu muzee hana ugonjwa. Iko na njaa."

Njaa! Nyumbani kwangu! Neno lilifika sokoni kabla yangu. Na likafika Walikale, sijui kwa mguu gani, kwa sababu baada ya muda mume wangu alipiga simu kutoka Omate kusema kwamba baba yake mdogo na ndugu wengine watakuja baada ya mavuno "kumsalimia mzee". Najua salamu za namna ile. Watamkuta amebaki mifupa, watambeba, na mimi nitabaki mwanamke wa Masisi aliyemuua mwindaji kwa maharagi. Lakini nitasema kweli: lililonitisha zaidi ni kwamba angetufia kabla hawajafika. Nilikuwa nimeanza kumpenda mzee yule. Mkono wa cherehani ulipovunjika alinichongea mwingine wa mti, bila kuombwa, akauacha mezani akaenda zake. Alikohoa asubuhi kabla ya jogoo wetu, na siku ambayo sikumsikia nilisimama mlangoni na roho mkononi mpaka akakohoa.

Siku kitabu kilipotoka chini ya cherehani ni siku mbwa alipochoka kusubiri mabaki. Aliruka akachukua nyama yote niliyoitundika, akaenda nayo migombani. Mchinjaji wetu huchinja siku ya soko tu, na soko lilikuwa limepita jana. Sikuwa na nyama. Kumpa mwindaji chakula kisicho na nyama ni tusi, ila kutompa kitu ni tusi kubwa zaidi. Nikasema, kwa hasira, basi acha nitukane kwa Kifaransa. Nikavuta kitabu, cherehani ikainama upande mmoja, nikachagua ukurasa wenye picha ya supu nzito ya viazi vitamu na siagi ya lozi.

Lozi sikuwa nazo, nikachukua karanga pamoja na mbika, zile mbegu za maboga. Mashine ya umeme ya kusagia sikuwa nayo, nikachukua jiwe la mama yangu. Kitabu kilitaka pia maji matamu ya mti fulani wa ng'ambo, na jirani yangu, aliyekuwa ameegemea mlango, alikuwa na shauri.

"Toboa mukaratusi."

"Nimuue kweli?"

"Muti ni muti, dada."

Nikaweka ndizi mbivu. Nilikaanga karanga mpaka harufu ikawatoa watoto wa majirani vichakani, nikazisaga. Karanga mwanzo huwa unga, kisha hukaidi na kushikamana na jiwe, na ukishapoteza subira ndipo hutoa mafuta na kulainika. Nilirudia kusaga, kwa sababu kwenye picha hapakuwa na punje hata moja, na mimi nikifuata kitabu hufuata kweli. Viazi nilivipondaponda, nikavichuja kwa kitambaa kipya cha bitana ambacho mteja wangu hajui mpaka leo kilipotelea wapi. Vyote nikavichanganya motoni na pilipili kidogo. Nikaweka bakuli mbele ya mzee, nikasema kwa sakafu, "Papa, unisamehe, leo nyama hakuna," nikatoka mbio kabla hajajibu.

Bakuli lilirudi tupu. Si tupu tu, limepanguswa kwa kidole. Nikatoka kumtafuta mbwa. Alikuwa amefungwa kwenye nguzo, kwa kosa la asubuhi, ananitazama kwa chuki.

Kesho yake ilikuwa zamu ya kuomba radhi. Jirani alinigawia kuku, nikampika kwa heshima zote. Sahani ilirudi nzima, na firigisi ikaenda safari yake ya mfukoni. Kesho kutwa nikarudi kwenye kitabu, na bakuli likarudi tupu. Nikaacha ubishi. Nilimpikia avokado iliyopondwa na siagi ya karanga na ndimu. Nilimpikia maharagi yaliyomenywa ngozi na kupondwa na mbika mpaka yakasahau kwamba ni maharagi. Hata ile fromage ya karanga niliijaribu, na jirani yangu akakaa wiki nzima bila kunisalimu. Mzee akarudi kwenye tundu la kwanza la mkanda.

Uvumi nao ulianza kula vizuri. Watu walisema mwindaji ameacha nyama. Katekista alimsifu kanisani, bila kumtaja, kwa mfungo mtakatifu. Jirani yangu, tulipopatana, alikuwa na habari ya uhakika: wanyama wote aliowaua wamemjia wakamwomba waachwe. Mume wangu alirudi kutoka Omate na paja la mbuzi begani, akalitua mbele ya baba yake.

"Papa, nimekuletea nyama."

Mzee akaweka mkono mbele ya midomo. "Kuleni. Mimi nakulaka ya kitabu."

Mume wangu akanitazama kama mtu aliyekuta mkewe amembatiza baba yake katika dini nyingine. Nami nilitazama paa.

Sasa nifike kwenye ile alasiri. Nilikuwa jikoni nasaga. Jiko letu ni la mbao zenye nafasi kati yake, na mwanaume hakaribii, baba mkwe ndiyo kabisa. Nikasikia kikohozi nje, karibu sana.

"Mukaza mwana wangu."

"Karibu, Papa."

"Leo iko ya kitabu?"

"Iko ya kitabu, Papa. Na leo iko ukurasa mupya. Juu yake natupa karanga nzima, za kukaanga."

Sauti ikaja kwa upole mkubwa. "Zile za juu nazo... ungezisaga."

"Hapana, Papa! Kitabu inasema zibakie nzima. Inasema uzuri yake ni vile zinalialia mu meno."

Ndipo alipocheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. Kilikuwa kicheko kirefu, kikaisha, kikaanza tena, mpaka mimi nami nikacheka bila kujua ninacheka nini, nikasahau desturi, nikainua macho. Alikuwa amegeuka. Mkono wake ulikuwa umeshika ubao, si mdomo. Na kati ya mbao mbili nikaona kinywa cha baba mkwe wangu kikiwa wazi, ufizi mtupu juu na chini, mwekundu kama wa mtoto mchanga. Hakuna jino hata la ushahidi.

Niliinamisha macho, nimechelewa. Kisha akakaa juu ya kinu kilichokuwa nje, akaongea akiwa amenipa mgongo, nami kwa mara ya kwanza nikaelewa kila neno.

"Mama yenu njo alikuwaka anajua, yeye peke yake. Alikuwaka ananitwangia nyama mu hii kinu, kisha anaifinyanga tena vipande vipande, bantu bakiangalia baone nyama. Hata bandugu zangu habajue. Muwindaji asiye na meno, Mama, huyo ni muntu gani?"

"Lakini Papa, bugali haina mufupa. Kwa nini uliiacha?"

"Nikimaliza bugali na naacha nyama, mutaniuliza kwa nini. Nikiacha vyote, mutasema nimeshiba. Siku ile ulileta supu yako bila nyama, hakukuwa na cha kuacha. Njo nilikula."

Kwanza nilikasirika. Nyama yote ile, kwa mbwa! Kisha hasira ikanitoka, nikamwona mzee anayekaa gizani mwa aibu yake na njaa yake, amempoteza mke aliyekuwa meno yake, na mimi nje nalia kwamba ananiogopa sumu. Mwenye njaa hana miiko, wanasema. Huyu alikuwa na njaa na miiko yote. Nilimwonea huruma mpaka nikashindwa kusaga.

"Umeniangalia kinywa," akasema mzee. "Inaomba kuku mweupe."

"Papa, na nani atamukula?"

Akacheka tena, na safari hii hakujifunika.

Nilimwambia mume wangu kwamba nimekosea, nimemtazama baba yake, na faini nitalipa siku wageni wakifika. Niliona nini, sikumwambia. Siri haikuwa yangu.

Wakaja baada ya mavuno. Baba mdogo alikuwa na sauti kubwa na meno yote, na alipenda kuyaonyesha yote mawili. Walileta nyama ya msituni iliyokaushwa kwa moshi, ngumu kama ubao, imefungwa majanini. Nilipika ile nyama, nikapika kuku mweupe wa faini, na pembeni nikaweka bakuli la mzee. Kwao karamu haifunguliwi mpaka mkubwa aitafune firigisi mbele ya wote. Siku ya wageni hakuna kugeukia ukuta.

"Kaka," akasema baba mdogo, mikono ikiwa imeoshwa tayari, "kule kwetu banasema bibi wa Masisi alikukataza nyama. Tumekuja kuona kwa macho."

Mzee akaichukua firigisi. Macho yote yakawa juu yake. Niliona mkono wake wa pili ukiteremka polepole kutafuta mfuko, na moyo wangu ukateremka nao, kwa sababu koti, kwa ajili ya wageni, nilikuwa nimelifua asubuhi ile ile. Lilikuwa linaning'inia nje kwenye kamba, linadondosha maji. Mkono ulipapasa shati, ukakosa, ukabaki hewani.

Sijui miguu yangu iliamua lini. Niliingia katikati ya wanaume na kitabu mikononi, nikakifungua, nikasoma Kifaransa kwa sauti ile ya msomaji wa Jumapili. Nilisoma jinsi ya kuwasha tanuri mapema na kupaka mafuta sinia. Wakavua kofia. Baba mdogo alijipiga ishara ya msalaba.

"Inasema nini?" akauliza.

"Inasema, muntu mwenye kuanza dawa ya karanga asichanganye na nyama, tumbo itaharibika. Na firigisi yake, aipatie mwingine kwa mukono yake mwenyewe. Huyo njo atafungua chakula."

Walitikisa vichwa. Dawa ni dawa, na mzee kweli alikuwa na mashavu. Baba mdogo, ambaye ndiye aliyefuata kwa ukubwa, akanyoosha kiganja chake. Hivyo ndivyo nilivyopanga. Nilikwisha kuanza kurudi jikoni kinyumenyume.

"Mukaza mwana."

Nikasimama.

"Kuya hapa."

Nikamsogelea, nikapiga magoti, macho chini, nikaona firigisi imeshuka mpaka mbele ya mikono yangu. Kiganja cha baba mdogo kilikuwa bado hewani, hakijui pa kwenda. Mume wangu akaanza, "Papa, bibi haku—" na baba yake akamkata.

"Iko ya ule mwenye kunilisha. Kula, Mama."

Tangu nizaliwe sikuwahi kuionja. Nitasema kweli, haina lolote. Ni ngumu kama mpira wa tairi, na nilielewa kwa nini ilikuwa ikienda mfukoni. Nikaitafuna mbele ya ukoo ule wote, polepole, bila kugeukia ukuta, na machozi yalinitoka, nikayaacha. Baba mkwe alinitazama mdomoni moja kwa moja mpaka nilipomeza, jambo ambalo nalo lina faini yake. Kisha akavuta bakuli lake la karanga, akashika kijiko, akawaambia ndugu zake kwamba chakula kimefunguliwa.